Kumtembeza mbwa Nairobi: kutoka langoni kwako hadi Msitu wa Karura

Mbwa wengi wa Nairobi huishi maisha ya namna moja. Mchana wamefungiwa kibandani, usiku wanafunguliwa walinde ua, na langoni pana kibao cha "Mbwa Kali". Siku mwenyewe anapoamua kumpeleka msituni akanyooshe miguu, mnyama huyo hukutana kwa mara ya kwanza na pikipiki, watoto wanaokimbia, kima juu ya mti, mbwa mgeni na harufu chungu nzima asizozijua, vyote ndani ya nusu saa. Halafu tunashangaa kwa nini amevuta kamba hadi ikamkata mwenyewe vidole, au kwa nini amemrukia mpita njia.

Nimetembeza mbwa mjini hapa kwa miaka, wangu na wa watu wengine, na karibu ajali zote nilizoziona zilianzia nyumbani: kola iliyolegea, chanjo iliyoahirishwa, mbwa aliyepelekwa Karura kabla hajajua kutembea kwa kamba uani kwao. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla hujaufikia msitu. Na kama anayemtembeza mbwa wako jioni ni kijana anayekusaidia kazi za nyumbani, msomee haya au mpe asome mwenyewe. Yeye ndiye atakayekuwa ameshika kamba.

1. Chanjo kwanza

Mtoto wa mbwa asikanyage bustani ya umma wala msitu kabla hajamaliza chanjo zake za mwanzo. Kwa kawaida huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi afike takribani wiki 16, kisha husubiri wiki mbili hivi kinga ijijenge. Sababu kubwa ni parvo, ugonjwa hatari wa tumbo kwa mbwa. Virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi hata baada ya mbwa mgonjwa kuondoka, na mtoto wa mbwa anaweza kuvipata kwa kunusa tu mahali pale na kujilamba miguu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi 3, na hapa kwetu hurudiwa kila mwaka. Kenya imejiwekea lengo la kutokomeza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa ifikapo 2030, na kila 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huandaa chanjo za bure. Muulize pia daktari wa mifugo kuhusu homa ya leptospira, inayoenezwa na mkojo wa panya, maana mito inayopita misitu ya Nairobi huanza kupita mitaani na panya hawakosi humo.

Piga picha kadi ya chanjo uiweke kwenye simu. Mbwa wako akimkwaruza mtu, picha hiyo ndiyo kitu cha kwanza utakachoulizwa.

2. Kamba, kola na mkanda

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokosea mimi. Mbwa wangu wa zamani, Simba, alikuwa na kola iliyomkaa vizuri alipokuwa mnene. Alipougua akakonda, sikuikaza. Asubuhi moja pikipiki ilipasua moshi karibu yetu, akarudi nyuma kwa kishindo, kichwa kikachomoka, na mimi nikabaki nimeshika kamba na kola tupu huku yeye akikatiza barabara yenye magari. Alinusurika. Tangu siku hiyo kola huikagua kila ninapotoka, wala sikai wiki nzima nikiamini kwamba bado inamfaa.

Kipimo ni rahisi: vidole viwili vipenye kati ya kola na shingo, visizidi. Kwa mbwa mwenye kichwa chembamba, au mwoga anayependa kurudi nyuma, mfungie mkanda wa kifuani unaozunguka mabega na kifua, kisha uunganishe kamba kwenye mkanda na kwenye kola kwa pamoja. Kimoja kikishindwa, kingine kinamshika.

Kamba iwe ya mita 1.5 hadi 2, ya kitambaa kizito au ngozi. Mnyororo wa chuma unaouzwa sana madukani ni mzito shingoni na huchuna mkono. Zile kamba nyembamba zinazojikunja ndani ya kishikio cha plastiki sizipendi kabisa: mbwa akiwa mita 5 mbele yako huwezi kumdhibiti, na uzi wake ukimpitia mtu miguuni akiwa anakimbia unakata nyama. Pitisha mkono kwenye kitanzi cha kamba ukishike kiganjani. Usizungushe kamba vidoleni. Mbwa wa kilo 35 akiruka ghafla, kidole kinavunjika.

Kwenye kola pawe na kibati chenye namba yako ya simu. Na ndani ya mfuko wako:

- maji lita 1 na bakuli dogo
- kibano cha kung'olea kupe
- bendeji na shashi
- kanga kuukuu au shuka, ya kumbebea mbwa akiumia
- vipande vya maini yaliyochemshwa, au omena wakavu
- vifaa vya kuokotea kinyesi

Hilo la mwisho lina jambo lake Kenya. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Kwa hiyo ule mfuko mwembamba unaouona kwenye video za ughaibuni si wa kwenda nao Karura. Mimi hutumia kipande cha gazeti kuzolea, nikafunga ndani ya mfuko wa kaki wa dukani, kisha nikautia kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga lenye mfuniko. Harufu haitoki, na kopo linarudi nyumbani. Usikiache kinyesi kwa hoja kwamba ni mbolea ya msitu. Minyoo ya mbwa huishi kwenye udongo huo huo watoto wanaouchezea.

3. Wiki mbili za mazoezi uani

Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zinatosha. Siku za kwanza mvalishe kola na kamba tu, mwache azizoee huku anakula. Kisha tembea naye ukizunguka nyumba. Kamba ikikazika, simama kama mti. Ikilegea, endelea. Usimvute wala usimpigie kelele. Kinachomfundisha ni kwamba kuvuta hakumfikishi popote.

Kuna maneno matatu ambayo hatutoki getini kabla hajayajua: jina lake, ambalo akilisikia anageuka kukutazama, "kaa", na "acha". Neno la tatu ndilo litakalookoa maisha yake. Weka kipande cha maini chini ya kiatu chako, useme "acha" mara moja, na subiri. Akikata tamaa akakutazama, mpe kipande kingine kutoka mkononi, kamwe si kile cha chini. Rudia hadi aweze kukipita kipande kilicho wazi njiani. Msituni hicho kipande kitakuwa mzoga, nyoka, au nyama iliyotiwa sumu.

Kama mbwa wako hulinda usiku kucha, usimtoe alfajiri baada ya mkesha. Amechoka, na mbwa aliyechoka ana hasira za haraka. Mpe usiku mmoja wa kulala kwanza. Pia asitembezwe akiwa ameshiba. Ngoja saa 2 baada ya chakula, hasa kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, ambao tumbo lao linaweza kujaa gesi na kujipinda.

4. Barabarani

Mitaa mingi haina njia ya miguu. Tembea upande unaokabiliana na magari, na mbwa awe upande wa majani, wewe ukiwa katikati yake na lami. Kwenye kona ambazo boda boda hupita juu ya ukingo, simama, fupisha kamba, mwambie "kaa".

Mbwa koko wakija, usikimbie. Simama, mweke wako nyuma yako, na usiwakazie macho. Wakiendelea kusogea, inama kana kwamba unaokota jiwe. Mbwa wa mitaani wa huku kwetu wanaifahamu ishara hiyo vizuri sana na wengi hugeuka kabla mkono haujagusa ardhi. Huna haja ya kurusha kitu. Ondoka polepole, kinyumenyume.

Jua nalo lisidharauliwe kwa sababu Nairobi ni mji wa baridi kidogo. Januari hadi Machi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, lami huchoma. Weka mgongo wa mkono wako juu yake kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Na usimwache ndani ya gari lililofungwa, hata kivulini na kioo kikiwa wazi kidogo. Nje pakiwa nyuzi 24, ambayo ni siku ya kawaida kabisa hapa, ndani ya gari hufika karibu nyuzi 43 kwa nusu saa. Wa Mombasa na Malindi watoke kabla jua halijapanda, au wasubiri magharibi.

5. Chagua mahali panaporuhusiwa

Karura inaruhusu mbwa mradi wawe kwenye kamba muda wote. Ni msitu wa hekta zipatazo 1,000 kati ya barabara za Limuru na Kiambu, una uzio, una walinzi, na kwenye njia panda zake kuna vibao vyenye namba. Namba hizo zisome unapopita. Mbwa akivunjika mguu, kumwambia mlinzi kwa simu "niko kwenye kibao namba fulani" ni tofauti kabisa na "niko karibu na mti mkubwa".

Msitu huu uliponea chupuchupu kugawiwa wajenzi. Mnamo 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda mti hapo. Nawakumbuka kila ninapoona mtu anamfungua mbwa kamba kwa sababu tu mlinzi hayupo.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi hairuhusu mbwa, sawa na mbuga nyingine za taifa. Lakini hata ukitembea nje yake, jua kwamba mbuga hiyo imezungushiwa uzio pande tatu tu. Kusini iko wazi ili wanyama wapite. Ukiwa Rongai, Kitengela au pembezoni mwa Lang'ata na Karen, usimtembeze mbwa kabla jua halijachomoza wala baada ya kuzama. Chui anamla mbwa kwa hiari yake, na huwa haogopi kuja hadi karibu na nyumba. Fisi naye yupo.

Vilima vya Ngong vina upepo mzuri na mifugo mingi. Ukiona mbuzi, fupisha kamba ukiwa bado mbali, na msalimie mchungaji kabla hujamfikia. Mbwa wake wanalinda kundi, usiwapitie katikati. Kwa mahali pengine popote, uliza langoni kabla ya kumshusha mbwa garini.

6. Ndani ya msitu

Watu wengi huniuliza kama kamba ni lazima hata kwa mbwa mtiifu. Ndiyo. Karura ina paa wadogo aina ya suni, wasiozidi kimo cha goti, ambao wanaweza kufa kwa mshtuko hata wasipong'atwa. Ina kima, na ina mbega waliohamishiwa hapo kutoka Kipipiri, kule Nyandarua. Mbwa mtiifu zaidi niliyewahi kumfuga alisahau jina lake siku suni alipokatiza mbele yetu. Nilikuwa nimeshika kamba, basi.

Njiani utakutana na wakimbiaji na waendesha baiskeli. Unaposogea pembeni, sogea pamoja na mbwa upande mmoja. Ukisimama kulia na yeye kushoto, kamba imekuwa mtego kwa anayekuja.

Penye kima na tumbili, usile wala usimpe mbwa chakula. Wakishuka chini, endelea kutembea. Nyani ni jambo jingine: dume lake lina meno marefu kuliko ya mbwa na huweza kumuua. Ukiona kundi la nyani popote, geuza njia. Na kama mbwa wako ni mdogo, mweke karibu na miguu yako kwenye maeneo ya wazi. Tai mwenye ushungi, anayewinda kima na suni, anaishi msituni humo.

Nyoka hupenda kuota jua njiani asubuhi, hasa bafe, ambaye wengine humwita moma au kifutu. Hakimbii. Hutegemea rangi yake imfiche, na anayekanyagwa ndiye anayeng'ata. Kaa katikati ya njia, usimruhusu mbwa achomeke pua kwenye mashimo na magogo.

Baada ya mvua kubwa, tazama chini pia: siafu. Wakimpanda, mtoe mbio kwenye mstari wao kwanza, hatua 20 au zaidi, ndipo uwachomoe mmoja mmoja kwa vidole, ukianza na kati ya vidole vya miguu, puani na sehemu za siri.

Nyuki wanatisha zaidi. Usimfunge mbwa kwenye mti hata kwa dakika moja, maana nyuki wakivurugika, mbwa aliyefungwa hana pa kwenda. Wakishambulia, kimbieni pamoja moja kwa moja hadi kwenye gari au nyumba. Usisimame kuwapiga, usiruke majini.

Maji ya mtoni asinywe. Na mbawakawa wanaobiringisha kinyesi asiwale, ingawa mbwa wengi huwapenda: hubeba mabuu ya mnyoo anayejijenga kwenye umio na kuuletea uvimbe, ugonjwa ambao madaktari wa mifugo wa Nairobi wanaujua kwa muda mrefu.

7. Watu wanaoogopa mbwa

Mtu aliyelelewa akijua mbwa kama kitu cha kumfukuza mwizi hana sababu ya kuamini kwamba wako ni mpole. Usimwambie "haumi" kutoka mita 20 huku mbwa anamwendea. Simama, fupisha kamba, sogea pembeni, umsalimie wewe kwanza: "Habari ya asubuhi, mama. Pita tu, nimemshika." Mtu akisikia sauti yako na kuiona kamba imekazwa, mabega yake yanashuka.

Kwa Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito. Yalipogusa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa akimlamba mtu anayekwenda kuswali, umempa kazi. Muweke mbali bila kusubiri uombwe. Na mtoto asimguse mbwa wako mpaka mzazi wake aseme ndiyo, naye mbwa awe amekaa.

8. Mambo yakiharibika

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Asingoje dalili. Kichaa kikishaanza kuonekana, karibu hakuna anayepona. Kama mbwa wako ndiye aliyeng'ata, toa namba yako na picha ya kadi, na mbwa awekwe chini ya uangalizi siku 10. Kama wako ndiye aliyeng'atwa na mbwa usiyemjua, mpeleke kwa daktari hata kama ana chanjo.

Mbwa akiumwa na nyoka, mzuie kutembea. Mlaze kwenye kanga, mbebeni watu wawili. Usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba juu yake. Fira akimtemea sumu machoni, mmwagie maji mengi na uendelee kummwagia njia nzima; lile lita moja la maji ni la hapo.

Joto likimzidi utaona ulimi mrefu, ufizi mwekundu sana, mate mazito, miguu inayoyumba. Mpeleke kivulini, mloweshe tumbo, makwapa na miguu kwa maji ya kawaida, mpepee. Mruhusu anywe kidogo akitaka, usimlazimishe. Anza kumpoza hapo hapo, kisha ndio umpeleke kwa daktari.

Namba ya daktari wa mifugo anayepokea simu Jumapili itafute leo, kabla hujaihitaji.

9. Mkirudi

Mkague kupe kabla hajaingia ndani: ndani ya masikio, chini ya kola, makwapani, kati ya vidole, chini ya mkia. Kibano kikamate kupe karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kuzungusha. Mafuta ya taa na kiberiti viache. Kupe akiudhika hutapika alichobeba ndani ya jeraha.

Kinga ya kupe ya vidonge au ya kumdondoshea mgongoni inunuliwe kwa kipimo cha uzito wake. Naomba hasa usitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia. Nimeona mbwa akitetemeka siku nzima kwa sababu kifuniko kimoja kilizidi. Na kama nyumbani kuna paka, soma maandishi: dawa za mbwa zenye permethrini humuua paka.

Andika tarehe ya matembezi kwenye kalenda, kisha umtazame kwa wiki 3. Homa ya kupe huanza kimya: anaacha chakula, analala kuliko kawaida, anapata joto, mkojo unageuka kuwa kama chai ya rangi. Kila asubuhi inua mdomo wake na ubonyeze ufizi kwa kidole. Unapoachia, rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Ukiuona ufizi mweupe au wa manjano, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, na umwambie tarehe mliyokwenda msituni.